Jinsi ya kulinganisha rekodi za jukwaani za Grateful Dead bila kudanganywa na kanda

Grateful Dead, bendi ya California iliyoanza mwaka 1965 na kukoma 1995 alipofariki mpiga gitaa wao Jerry Garcia, ilifanya maonyesho zaidi ya 2,300. Aliyekulia kwenye muziki wa dansi ataielewa upesi: mashairi yakiisha sebene linaanza, na hakuna anayejua litafika wapi. Hapo ndipo mashabiki wanapobishania usiku upi ulikuwa mtamu zaidi. Tatizo ni kwamba wengi hulinganisha kanda wakidhani wanalinganisha upigaji. Mimi hufanya hivi.

Hatua ya 1: Jua kanda imetoka wapi. Ingia Internet Archive, maktaba ya bure ya mtandaoni, utafute tarehe 8 Mei 1977, ukumbi wa Barton Hall, Chuo Kikuu cha Cornell. Utakuta rekodi kadhaa za usiku huohuo. Kuna zilizotoka kwenye mitambo ya bendi, na maarufu kuliko zote ni kazi ya Betty Cantor-Jackson, fundi wao wa kurekodi. Kuna za mashabiki waliosimika maikrofoni katikati ya watu, na kuna zilizochanganya aina hizo mbili. Soma maelezo yanayoambatana na kila moja: yanaonyesha kanda ilipitia wapi na ilinakiliwa mara ngapi. Kila kaseti inayonakiliwa kutoka kaseti nyingine huongeza mchakacho. Ukiona njiani iliwahi kuwa MP3, yaani faili iliyobanwa na kupoteza sehemu ya sauti, achana nayo.

Hatua ya 2: Pima kasi. Hii ndiyo hatua watu wanayoiruka, na ndiyo inayoharibu hukumu nyingi. Kinasa sauti chenye betri dhaifu huvuta kanda polepole, na kanda hiyo ikichezwa kwenye mashine nzima, muziki hukimbia. Kosa la asilimia 3 tu hupandisha sauti karibu nusu ya hatua kati ya fito mbili za gitaa, na kipande cha dakika 20 humalizika sekunde 35 mapema. Kwa muda mrefu niliusifu usiku mmoja kwa uchangamfu wake, kumbe kanda ndiyo iliyokuwa inakimbia. Shika gitaa lililotiuniwa vizuri na upige pamoja na rekodi. Zikigombana, sahihisha kasi kwa programu kama Audacity.

Hatua ya 3: Sawazisha ukubwa wa sauti. Sikio hupendelea kilicho juu zaidi, hata kwa tofauti ndogo.

Hatua ya 4: Sikiliza usiku mmoja kwa rekodi mbili. Chukua pale wimbo wa Scarlet Begonias unapoingia kwenye wimbo wa Fire on the Mountain. Kwenye kanda ya Betty, fuata besi ya Phil Lesh peke yake, mwanzo hadi mwisho. Kisha rudia kwenye kanda ya shabiki. Sasa besi imevimba, ngoma zinarudi kutoka ukutani, na umati unasikika umekuzunguka. Vidole ni vilevile. Andika kilichobadilika, hicho ni cha kanda, si cha bendi.

Hatua ya 5: Sasa linganisha usiku na usiku. Kati ya nyimbo zao, Dark Star inafaa kuliko zote. Kwenye santuri ya mwaka 1968 haikufika dakika 3. Tarehe 27 Februari 1969, Fillmore West, San Francisco, ilichukua dakika 23. Tarehe 27 Agosti 1972, Veneta, Oregon, siku ya joto kali, ilipita 30. Kabla hujasema upi bora, hesabu waliokuwepo. Mwaka 1969 wapiga dramu ni wawili, na kuna kinanda cha ogani. Veneta yuko Bill Kreutzmann peke yake, na Keith Godchaux kwenye piano. Kwa sikio langu dramu moja hukata kona upesi zaidi, ndiyo maana naipenda ya Veneta. Weka karatasi, andika dakika ambayo mwendo unabadilika na nani aliyeanza kuubadilisha.

Siku nyingine anza na ile uliyoisikiliza ya pili, maana iliyotangulia huwa kipimo cha inayofuata.