Kuichora Dar es Salaam kutoka Kigamboni

Anayetaka kuchora Dar es Salaam inayobadilika asimame upande wa Kigamboni, karibu na kivuko, asubuhi, jua likiwa mgongoni mwake na kuta za mjini zikiwa zimeangaziwa. Aanze na vilivyo chini, yaani maji ya bandari, mitumbwi, vigae vyekundu vya Kanisa la Azania Front na mnara wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa kati ya 1897 na 1902, kwa sababu hivyo ndivyo vitakavyomwonyesha mtazamaji ukubwa wa maghorofa yaliyoota nyuma ya makanisa hayo na ni nani walioupitia mji huu kabla yetu. Maghorofa ya vioo yasipakwe kijivu kitupu. Kioo huakisi anga, hivyo yapewe rangi ya anga iliyokolezwa kidogo. Winchi za ujenzi, ambazo ni rahisi kuziacha kwa kudhani zinaharibu mandhari, naomba sana zichorwe, maana bila hizo picha haitaonyesha kwamba mji bado unajengwa. Tarehe iandikwe nyuma ya turubai siku hiyohiyo.