Kurusha diski kwa bakihendi: nyoosha mstari kwanza

Kila kiangazi hapa Tampere, Ufini, hunijia watu wanaotaka kujifunza gofu ya diski, mchezo wa kurusha diski mpaka iingie kwenye kikapu, wengi wao ndugu zetu kutoka Kongo na Burundi. Viwanja viko tele na vingi ni vya bure, kwa hiyo wanakuja na ari. Karibu wote wanakuja pia na kosa lile lile: wanarusha kwa mkono peke yake. Bega limekaza, mkono unakizunguka kifua, diski inapanda juu, inasita, halafu inadondokea kushoto mita 40 mbele. Nguvu wanazo. Wanachokosa ni mstari ulionyooka wa kuipitishia diski.

Bakihendi ni mrusho ambao mgongo wa kiganja ndio unaotangulia, kama mtu anayegawa karata. Maelezo yangu ni ya anayetumia mkono wa kulia. Wa kushoto ageuze pande.

Hatua ya 1: Draiva (diski ya kurushia mbali) ibaki begini

Diski nyingi zimeandikwa namba nne: kasi, kuelea, kupinda mwanzoni na kupinda mwishoni. Chukua yenye kasi ya 2 au 3, ile ya kulengea kikapu. Draiva ya kasi ya 12 inahitaji mwendo ambao bado huna, na ikiukosa hukimbilia kushoto hata kama umerusha vizuri. Diski ya polepole haifichi kitu. Ikiyumba hewani, umeiyumbisha wewe.

Hatua ya 2: Mshiko

Vidole vinne vikunje ndani ya ukingo, dole gumba libane juu. Kifundo cha mkono kibaki huru. Sasa kiinamishe kidogo, kama unamimina chai kutoka kwenye birika. Hapo ndipo pua ya diski, yaani ukingo wake wa mbele, inapotulia. Pua ikiinuka, hewa inaingia chini na diski inapaa badala ya kwenda mbele.

Hatua ya 3: Simama ubavu

Bega la kulia lielekee kikapuni, miguu ipanuke kuzidi mabega kidogo, magoti yalegee. Usikimbie. Mwezi mzima wa kwanza nataka mtu arushe akiwa amesimama hapo hapo.

Hatua ya 4: Vuta kama unawasha jenereta

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo ninapomkalisha mtu kwa muda mrefu kuliko kwingine kote. Umewahi kuwasha jenereta au mashine ya boti kwa kamba? Hukuzungusha mkono. Kiwiko kilitangulia, kamba ikaja imenyooka, na nguvu zikatoka mwishoni. Bakihendi ni hivyo hivyo.

Peleka diski nyuma kwa usawa wa kifua huku ukigeuza nyonga na mabega, mpaka kikapu kiwe nyuma ya bega lako la kulia. Acha kukikodolea macho. Kichwa kifuate mabega. Uzito uhamie mguu wa nyuma. Kisha mguu wa mbele ukanyage imara, nyonga ianze kufunguka, na hapo tu ndipo mkono uje. Mguu, nyonga, bega, kiwiko, kiganja. Ukianza na mkono, hivyo vingine vyote vimeshachelewa.

Diski ipite karibu na kifua kwa mstari mmoja. Kiwiko kikae mbele ya kifua, kisishikamane na mbavu. Diski ikifika upande wa kulia wa kifua, mkono uwe umekunjika nyuzi 90 hivi, na kutoka hapo ndipo ufyatue. Kabla ya hapo vuta polepole, polepole kuliko unavyodhani. Mkono wa kushoto ubane ubavuni, maana ukining'inia nje unauchelewesha mwili kuzunguka.

Mimi misimu miwili nilivuta kwa kuzungusha, mpaka bega likaanza kuuma. Nilikuja kuliona kosa kwa simu: niliisimamisha mbele ya kifua, nikaangalia video kwa mwendo wa taratibu, nikaiona diski inapotelea nyuma ya mgongo kila ninapoirudisha. Tangu hapo ninaisukuma mbali na mwili, siizungushi mgongoni.

Nyumbani fanya zoezi la taulo. Shika ncha moja uikung'ute kwa mwendo ule ule, kama kanga iliyofuliwa inayongoja kuanikwa. Mlio ukisikika mbele, upande wa kikapu, umefyatua kwa wakati. Ukisikika kifuani, umewahi mno.

Hatua ya 5: Malizia

Diski ikishatoka, uache mwili uzunguke, na mguu wa mbele ugeukie kisigino. Mguu ukiganda wakati kiwiliwili kinazunguka, utaumiza goti. Jambo hili silifanyii mzaha na mwanafunzi yeyote.

Hatua ya 6: Isome diski

Diski iliyorushwa hivi huzunguka kufuata mshale wa saa, kwa hiyo ikipungua kasi hupinda kushoto. Hilo si kosa. Ikitoka moja kwa moja kulia kwa kikapu, umechelewa kuachia. Ikianza sawa kisha ikalalia kulia na kuzama, huenda umegeuza kiganja juu yake wakati wa kuachia. Ikitetemeka, pembe ya mkono imebadilika njiani. Ikipaa na kusimama, rudi kwenye birika la chai.

Hatua ya 7: Hatua tatu

Mwezi wa kurusha umesimama ukiisha, ongeza hatua tatu: mguu wa kulia, wa kushoto ukipita nyuma yake, wa kulia tena ukikanyaga. Tembea tu. Diski ifike nyuma kabisa pale mguu wa mwisho unapokaribia kugusa chini.

Beba diski tano za aina moja uende uwanja wa wazi. Rusha kwa nusu ya nguvu, kisha zifuate uone zimelalaje. Zikitawanyika, rudi kurusha umesimama. Zikilala pamoja raundi tatu mfululizo, ongeza nguvu kidogo. Theluji ikianguka, bandika utepe mrefu chini ya kila diski ili uone ilipozama, uendelee.