Kupima mkono wa mtoto kwa utepe wa rangi tatu

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, na utepe huu haukosi mkobani mwangu. Ni wa kupimia utapiamlo kwa watoto wa miezi 6 hadi 59.

Mpakate mtoto, mvue nguo begani. Kunja mkono wake wa kushoto, tafuta katikati ya ncha ya bega na ncha ya kiwiko, tia alama ya kalamu. Kisha mkono uning'inie, umelegea. Zungusha utepe juu ya alama, uguse ngozi bila kubana. Hapa ndipo wengi hukosea: nikiona ngozi imefinyika pembeni mwa utepe, nalegeza na kupima upya.

Sentimita 12.5 na zaidi ni kijani. Kati ya 11.5 na 12.5 ni njano, mpeleke kliniki. Chini ya 11.5 ni nyekundu: kituo cha afya leo leo.

Usiishie hapo. Bonyeza miguu yote miwili kwa vidole gumba, sekunde 3. Mama mmoja aliniambia, "Mwanangu kanenepa, dada." Nilipoachia, vishimo vilibaki kwenye miguu yote. Huo ni uvimbe wa utapiamlo mkali, hata utepe ukisema kijani. Tuliondoka naye saa ile ile.