Uujue Mtandao Wako wa Kompyuta Kabla ya Kuulinda

Watu wengi hujifunza usalama wa mtandao kinyumenyume. Huanza kwa kusakinisha programu ya kuzuia virusi, hubadili nywila baada ya akaunti kuibiwa, na hawafiki kwenye swali la msingi: ni vifaa gani vimeunganishwa katika mtandao wao, na data hupitia wapi inapotoka kifaa kimoja kwenda kingine? Mwongozo huu unaanza na swali hilo, kwa sababu karibu kila hatua ya ulinzi hujibu udhaifu fulani uliomo katika utendaji wa mtandao, na asiyeujua udhaifu huo hana namna ya kupima kama hatua aliyoichukua imemsaidia.

Vifaa na anwani

Kompyuta mbili zikiunganishwa kwa kebo au kwa mawimbi ya redio, na zikafuata kanuni za pamoja za kupeana data, tayari huo ni mtandao. Kanuni hizo huitwa itifaki. Familia ya itifaki inayoendesha intaneti yote ni TCP/IP, ambayo mtandao wa ARPANET nchini Marekani, mtangulizi wa intaneti, ulihamia rasmi tarehe 1 Januari 1983. Mtandao wa ndani ya jengo moja huitwa LAN, na ndani yake mna vifaa viwili ambavyo huchanganywa sana: swichi huunganisha vifaa vya mtandao uleule, ilhali ruta huunganisha mtandao mmoja na mwingine. Kisanduku anachokuletea mtoa huduma wa intaneti kwa kawaida hufanya kazi zote mbili, hurusha mawimbi ya Wi-Fi, na juu ya hayo hugawa anwani. Kwa kuwa kila kitu hupitia hapo, kisanduku hicho ndicho kinachostahili uangalizi wako wa kwanza.

Kila kifaa kina anwani mbili. Ya kwanza ni anwani ya MAC, yenye biti 48 (biti ni tarakimu ya 0 au 1), ambayo kwa desturi huwekwa na mtengenezaji wa kadi ya mtandao na hutumika ndani ya mtandao wa karibu tu. Ya pili ni anwani ya IP, ambayo kifaa hupewa kinapojiunga na mtandao, mara nyingi na ruta yenyewe kwa kutumia itifaki ya DHCP. Anwani ya IPv4 ina namba nne, kila moja kati ya 0 na 255, kwa mfano 192.168.1.20. Muundo huo unatoa anwani zisizozidi bilioni 4.3, idadi isiyotosheleza vifaa vyote vya ulimwengu, na ndiyo sababu IPv6 yenye anwani za biti 128 ilibuniwa. Ndiyo sababu pia anwani zinazoanza na 10, zile za kuanzia 172.16 hadi 172.31, na zinazoanza na 192.168 zilitengwa kwa matumizi ya ndani pekee. Ruta hubadilisha anwani hizo kuwa anwani moja ya nje kila data inapotoka, kwa utaratibu unaoitwa NAT.

Safari ya ombi moja

Chukua tendo la kawaida kabisa: umeandika anwani ya tovuti katika kivinjari na kubonyeza kitufe. Kompyuta haiwezi kutuma chochote kwa jina. Inahitaji anwani ya IP. Kwa hiyo huiuliza seva ya DNS, yaani mfumo wa majina ya vikoa (majina ya tovuti) unaoyageuza majina hayo kuwa anwani za IP, na kwa kawaida swali hilo huenda bila kusimbwa kwa fiche kupitia mlango namba 53. Mlango hapa ni namba inayotambulisha huduma ndani ya kompyuta. Jibu likirudi, kompyuta hutambua kuwa anwani hiyo iko nje ya mtandao wake, hivyo data ikabidhiwe ruta. Lakini ili kuifikia ruta inahitaji anwani yake ya MAC. Hapo itifaki ya ARP hupaza swali kwa vifaa vyote vya mtandao: nani mwenye 192.168.1.1 (anwani ya IP ya ruta)?

Hapa inafaa kutua kidogo. ARP ilibuniwa mwaka 1982, wakati mitandao ilikuwa ya watu waliofahamiana, na haina njia yoyote ya kuhakiki anayejibu. Kifaa chochote kilichomo ndani ya mtandao kinaweza kudai kuwa ndicho ruta, na kompyuta ikikiamini, data zake zote zitapitia kwa mdukuzi kabla ya kuendelea na safari. DNS nayo ina udhaifu wa aina hiyo: anayeidhibiti seva inayokujibu anaweza kukuelekeza kwenye tovuti bandia huku jina uliloliandika likionekana sahihi. Ukiyaelewa mambo hayo mawili utaelewa kwa nini kumruhusu mgeni kwenye mtandao wako ni jambo zito, na kwa nini HTTPS, itifaki salama ya kufungulia tovuti, si pambo.

HTTPS hutumia mlango namba 443 na hufanya kazi mbili. Husimba data kwa fiche ili aliye katikati asiisome, na humtaka mwenye tovuti aoneshe cheti kinachothibitisha kwamba kikoa hicho ni chake. Kivinjari kikikuonya kwamba cheti si halali, usilazimishe kuendelea, hasa unapotumia mtandao wa watu wengi. Hata hivyo, cheti hakithibitishi uaminifu wa mwenye tovuti. Tapeli anaweza kusajili kikoa kinachofanana na cha benki na kukipatia cheti halali kabisa, kwa hiyo soma jina la kikoa herufi kwa herufi kabla ya kuandika nywila.

Kagua mtandao wako

Sasa fanya kwa mkono. Katika Windows, fungua dirisha la amri na uandike `ipconfig`. Katika Linux, andika `ip addr`. Utaona anwani ya IP ya kompyuta yako. Windows itakuonesha papo hapo anwani ya lango kuu, yaani ruta, na katika Linux utaipata kwa amri ya `ip route`. Ukikuta anwani inayoanza na 169.254, kifaa hakikupata jibu la DHCP na kimejipa anwani chenyewe. Tatizo liko kati yako na ruta, na hakuna haja ya kumlaumu mtoa huduma. Kisha andika `ping`, amri ya kupima kama kifaa kinajibu, ikifuatiwa na anwani ya ruta. Ruta ikijibu, jaribu anwani ya IP ya nje, halafu jina la tovuti. Anwani ikijibu lakini jina lisijibu, hitilafu iko kwenye DNS. Mpangilio huo wa kupima kutoka karibu kwenda mbali hutatua sehemu kubwa ya matatizo ya muunganisho bila kubahatisha.

Baada ya hapo, andika anwani ya ruta katika kivinjari na uingie kwenye ukurasa wa usimamizi. Tafuta orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Kila mstari huonesha jina la kifaa, anwani ya IP na anwani ya MAC. Pitia mstari mmoja baada ya mwingine mpaka uwe umekitambua kila kifaa, zikiwemo runinga, printa na kamera. Usichokitambua, kizuie, kisha usubiri uone nani atalalamika. Simu nyingi za kisasa hutumia anwani ya MAC ya kubahatisha, kwa hiyo kifaa cha nyumbani kinaweza kuonekana kigeni.

Hatua za ulinzi, kuanzia kwenye ruta

Badilisha nywila ya usimamizi wa ruta kabla ya jambo jingine lolote. Nywila za kiwandani za aina nyingi za vifaa zinapatikana hadharani. Mwaka 2016 programu hasidi iliyojulikana kama Mirai iliteka kamera na ruta kwa wingi kwa kujaribu orodha fupi ya nywila hizo tu, na mwezi Oktoba mwaka huo vifaa vilivyotekwa vikatumika kuishambulia kampuni ya huduma za DNS ya Dyn, hata tovuti kubwa kadhaa zikashindwa kufikika kwa saa nyingi. Wenye kamera wengi hawakujua kuwa vifaa vyao vimeshiriki. Ukiwa bado kwenye ukurasa huo, zima uwezo wa kuisimamia ruta kutoka nje, zima WPS (njia ya mkato ya kuunganisha vifaa na Wi-Fi kwa kitufe au namba fupi), na hakikisha seva za DNS zilizoandikwa pale ni za mtoa huduma wako au ni zile ulizozichagua mwenyewe.

Kwa Wi-Fi, chagua kiwango cha ulinzi cha WPA3, na kama vifaa vyako haviiwezi, kile kilichoitangulia cha WPA2 yenye AES, mbinu ya kusimba data. WEP, kiwango cha zamani zaidi, isitumike kabisa, kwa kuwa udhaifu wake umejulikana tangu mwaka 2001 na huvunjwa kwa dakika chache. WPA2 hukubali nywila ya herufi 8 hadi 63, nami nakushauri usikaribie nane: maneno manne au matano yasiyohusiana ni rahisi kukumbuka na ni magumu kuvunjwa. Wageni, pamoja na kamera na runinga, wawekwe kwenye mtandao wa wageni uliotengwa, ili kifaa kimoja kikidukuliwa kisiweze kuifikia kompyuta yenye kazi zako. Kuficha jina la mtandao sikupendekezi, kwa sababu jina hilo bado husomeka kwa zana za kawaida.

Ukuta wa moto huamua ni miunganisho ipi iruhusiwe kwa kuangalia anwani na namba za milango, ambazo hufika 65,535. Kanuni yake njema ni kukataa yote yanayoingia kutoka nje isipokuwa yaliyoruhusiwa kwa sababu inayojulikana. Uache umewashwa kwenye ruta na kwenye kila kompyuta, kwani ule wa ruta hauwezi kuzuia shambulio linalotoka ndani.

Masasisho hupuuzwa kuliko yote, nalo ni kosa la gharama kubwa. Mwezi Machi 2017 Microsoft ilitoa sasisho la kuziba udhaifu katika huduma ya kushirikiana mafaili inayotumia mlango 445. Miezi miwili baadaye programu hasidi ya WannaCry ilipitia udhaifu huohuo, ikafunga mafaili ya kompyuta katika nchi nyingi na kudai fidia, na hospitali za Uingereza zikalazimika kuahirisha miadi ya wagonjwa. Dawa ilikuwa tayari imetolewa. Washa masasisho ya moja kwa moja kwenye kompyuta na simu, na ruta ikaguliwe kila baada ya miezi michache, maana nyingine hazijisasishi zenyewe. Kifaa ambacho mtengenezaji ameacha kukitolea masasisho kiondolewe kwenye mtandao.

Kwa upande wa akaunti, tumia nywila tofauti kwa kila huduma ukisaidiwa na programu ya kutunza nywila, na uwashe uthibitishaji wa hatua mbili, ukianza na barua pepe kwa sababu ndiyo inayotumika kurejesha akaunti nyingine zote. Ujumbe unaokuharakisha ubonyeze kiungo usifuatwe. Fungua tovuti husika kwa kuandika anwani yake mwenyewe.

Hatimaye weka nakala rudufu ya mafaili muhimu kwenye diski isiyokaa imeunganishwa na kompyuta, kwa kuwa programu ya kudai fidia hufunga kila diski inayoifikia, ikiwemo ya kwenye mtandao. Mara kwa mara chukua faili moja kutoka kwenye nakala hiyo, lirejeshe katika kompyuta nyingine, ulifungue, na uhakikishe kwamba yaliyomo yanasomeka.