Namna ya Kuwasilisha Lalamiko la Fedha za Kampeni katika Uchaguzi wa Shirikisho Nchini Marekani

Kabla ya kuandika neno lolote, hakikisha unajua ni uchaguzi gani unaohusika. Ikiwa mgombea anawania urais, useneti au kiti katika Baraza la Wawakilishi, uchaguzi huo ni wa shirikisho, na chombo kinachosimamia sheria za fedha zake ni Tume ya Uchaguzi ya Shirikisho iliyoko Washington, ambayo wengi huiita kwa kifupi FEC. Gavana, meya, diwani na mjumbe wa bunge la jimbo husimamiwa na sheria za jimbo na za mji wao, kwa hiyo karatasi zinazowahusu zikipelekwa FEC kwa kawaida zitakuwa zimegonga mlango usio wao.

Tume hiyo iliundwa na marekebisho ya sheria ya mwaka 1974, baada ya kashfa ya Watergate iliyomwangusha Rais Nixon, ikaanza kazi mwaka 1975. Ina viti sita vya makamishna, ambao huteuliwa na Rais na kuthibitishwa na Seneti, na si zaidi ya watatu wanaoruhusiwa kutoka chama kimoja. Kila hatua nzito, iwe kufungua uchunguzi, kutoa hati ya wito au kwenda mahakamani, huhitaji kura nne. Watunga sheria walikusudia kuzuia chama kimoja kuigeuza Tume kuwa fimbo ya kumchapia mwenzake, na kusudio hilo lina busara yake. Hata hivyo, makamishna wakigawanyika tatu kwa tatu, shauri huishia kufungwa bila uchunguzi, hata pale mawakili wa Tume yenyewe walipopendekeza uchunguzi ufanyike. Na wakipungua chini ya wanne, akidi hukosekana kabisa. Hali hiyo ilitokea mwishoni mwa Agosti 2019 ikaendelea kwa miezi mingi, na ikatokea tena mwanzoni mwa Mei 2025, makamishna walipobaki watatu. Katika vipindi kama hivyo watumishi huendelea kupokea ripoti na malalamiko na kuwaarifu walalamikiwa, lakini hakuna anayeweza kuamuru uchunguzi mpya.

Nayataja haya mapema kwa sababu yanabadilisha namna ya kuandika lalamiko. Tarehe ya lalamiko ndiyo inayoanzisha muda wa kisheria ambao baadaye unaweza kukufikisha mbele ya jaji, na maneno yaliyomo ndiyo atakayoyasoma jaji huyo. Mlalamikaji makini huandika akijua kwamba huenda msomaji wake wa mwisho si kamishna.

Makosa ya kutazama

Sheria ni ndefu, lakini mpiga kura wa kawaida hukutana na makosa machache yanayojirudia. Kwanza ni kuzidisha kiwango: kwa uchaguzi wa 2025 na 2026, mtu mmoja anaweza kumpa mgombea dola 3,500 kwa kila uchaguzi, na uchaguzi wa mchujo huhesabiwa peke yake, mbali na uchaguzi mkuu. Pili ni fedha za makampuni na za vyama vya wafanyakazi kumfikia mgombea moja kwa moja. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 2010 katika kesi ya Citizens United wanaweza kugharimia matangazo yao wenyewe bila kushauriana na mgombea, lakini kumpa yeye fedha kutoka hazina yao bado ni marufuku. Tatu ni mgombea kutumia fedha za kampeni kwa mambo yake binafsi. Mbunge Duncan Hunter wa California alikiri kosa la aina hiyo mahakamani mwaka 2019, ingawa mwaka uliofuata alipewa msamaha wa Rais.

Kosa la nne linatugusa sisi wasemaji wa Kiswahili tunaoishi huko kuliko yote. Ni kuchangia kwa jina la mtu mwingine. Tumelelewa katika harambee: kikapu kinapita, kila mtu anatia alichonacho, kisha mzee mmoja anasimama na kukabidhi fungu kwa niaba ya wote. Kwa arusi na msiba ni heshima kubwa. Kwa kampeni ya shirikisho, mzee huyo akiandika hundi ya dola 3,000 kwa jina lake huku fedha ni za watu ishirini, ripoti ya mgombea itakuwa na jina la mchangiaji asiye wa kweli, na wote walioelewa mpango huo wanaweza kuwajibika. Fedha taslimu zinazozidi dola 100 kutoka kwa mtu mmoja haziruhusiwi, na zile za mtu asiyejulikana haziruhusiwi kuzidi dola 50. Kila mmoja achange kwa jina lake na kutoka mfukoni mwake. Vilevile, raia wa Marekani na mwenye ukaazi wa kudumu, yaani kadi ya kijani, wanaruhusiwa kuchangia, ilhali mwenye viza ya masomo, ya kazi au ya utalii haruhusiwi, na katazo hilo linafika hadi kwenye chaguzi za majimbo na za miji. Ndugu wa Mombasa au Mwanza akikutumia dola 500 ili umpe mgombea mnayempenda, makosa yamekuwa mawili kwa mpigo: fedha za mgeni, na jina lisilo la mwenye fedha.

Kusoma ripoti

Ushahidi mwingi uko wazi kwenye tovuti ya Tume, fec.gov, na kuusoma hakuna malipo. Kamati ya mgombea hulazimika kutaja jina, anwani, kazi na mwajiri wa kila mtu ambaye michango yake imezidi dola 200 katika kipindi cha uchaguzi, na katika siku za mwisho kabla ya kupiga kura mchango wa dola 1,000 au zaidi huripotiwa ndani ya saa 48.

Tuseme unashuku kwamba mwenye kampuni fulani amewapa wafanyakazi wake fedha ili wachangie kwa majina yao. Tafuta kwa jina la mwajiri. Angalia kama watu wanane wa kampuni hiyo wametoa kiasi kilekile siku ileile, kama miongoni mwao wamo wenye kazi za kipato kidogo ambao hawajawahi kuchangia mgombea yeyote, na kama baada ya siku hiyo hawaonekani tena. Mfanano wa namna hii unatosha kuleta shaka, lakini hauthibitishi kosa, kwa kuwa wafanyakazi wanaweza kumpenda mgombea mmoja kwa hiari yao. Ukiwa na shahidi aliyeambiwa “changia, nitakurudishia”, au ujumbe wa simu wenye maneno hayo, shaka hiyo imepata miguu.

Kuna tahadhari mbili hapa. Sheria inaziruhusu kamati kuingiza hadi majina kumi ya kubuni katika kila ripoti, yakiwa yamejulishwa kwa Tume kwa siri, ili kuwanasa wanaonakili orodha za wachangiaji kwa biashara. Kwa hiyo mchangiaji mmoja asiyepatikana popote si lazima awe wa udanganyifu. Na wewe mwenyewe usiyachukue majina hayo kwa kuuza bidhaa au kuomba michango, maana huo nao ni ukiukaji wa sheria hiyohiyo.

Kuandika na kula kiapo

Lalamiko lisilo na jina halipokelewi. Ni lazima liwe la maandishi, lenye jina lako kamili na anwani yako, lililosainiwa na kuapiwa mbele ya notari, yaani mthibitishaji wa hati za umma, ambaye hupatikana katika benki nyingi. Mengi hukwama hapa: mtu anaandika kurasa kumi za hoja nzuri, anazituma bila muhuri wa notari, na hazihesabiwi kuwa lalamiko. Kumbuka pia kwamba unaapa, na uongo wa makusudi unaweza kukugeuza wewe kuwa mshtakiwa.

Katika maandishi yenyewe, taja kila unayemlalamikia kwa jina lake: mgombea, kamati yake, mweka hazina wa kamati kwa wadhifa wake, na mchangiaji. Kisha simulia mambo kwa mpangilio wa tarehe. Tenganisha waziwazi yale uliyoyaona kwa macho yako na yale uliyoyasoma au kuambiwa, na kwa haya ya pili eleza chanzo chake. Habari ya gazeti inakubalika kuwa chanzo. Lalamiko lililowasilishwa mwaka 2016 kuhusu kamati iliyomuunga mkono Jeb Bush, aliyekuwa akiwania urais, lilisimama juu ya taarifa za waandishi wa habari kwamba kampuni inayomilikiwa na raia wa China ilitoa dola milioni 1.3, na mwaka 2019 kampuni hiyo ilikubali kulipa dola 550,000, huku kamati ikilipa 390,000. Si lazima kutaja kifungu cha sheria, lakini ukikijua kitaje. Ambatisha nakala za kurasa za ripoti ulizozitumia. Acha matusi, acha kukisia nia ya mtu, na acha siasa za chama chako, kwa sababu makamishna wasiotaka kuendelea na shauri wataokota sentensi moja ya hasira na kuifanya ndiyo sura ya lalamiko zima.

Ikiwa mambo unayoyalalamikia yanahusu pia kuficha taarifa, kwa mfano ripoti iliyotaja mchangiaji asiye wa kweli, usikose kuliandika hilo kama kosa linalojitegemea. Mwaka 1998, katika kesi iliyoitwa FEC dhidi ya Akins, Mahakama ya Juu ilikubali kwamba mpiga kura aliyenyimwa taarifa ambazo sheria inataka zitolewe ameumia kiasi cha kuweza kufungua kesi. Bila madhara ya namna hiyo jaji anaweza kukuambia kwamba huna haki ya kusimama mbele yake, hata kama kosa ni dhahiri.

Baada ya bahasha kufika

Ndani ya siku tano Tume humjulisha mlalamikiwa, naye hupewa siku 15 za kujibu. Shauri hupewa namba inayoanza na herufi MUR, nawe utaarifiwa. Itunze, kwani ndiyo utakayoitumia kwa kila jambo. Kisha ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Tume huandika pendekezo, na makamishna hupiga kura kama ipo sababu ya kuamini kwamba sheria imevunjwa. Kura nne zikipatikana uchunguzi hufunguliwa, na ukikamilika hupigwa kura nyingine juu ya uzito wa ushahidi. Hapo sheria hulazimisha kwanza kutafuta suluhu: Tume hujaribu kwa siku zisizopungua 30, isipokuwa uchaguzi ukiwa umekaribia, kufikia mapatano ambayo kwa kawaida huambatana na faini. Kubwa kuliko zote ilikuwa dola milioni 3.8, iliyolipwa mwaka 2006 na shirika la mikopo ya nyumba la Freddie Mac. Mapatano yakishindikana, Tume inaweza kwenda mahakama ya wilaya ya shirikisho. Ripoti zilizochelewa tu zina njia yao fupi ya faini za kiutawala, iliyoanza mwaka 2000.

Yote hayo hufanyika kwa siri hadi jalada lifungwe. Wewe huzuiwi kusema kwamba umelalamika na ulichoandika, lakini uchunguzi wenyewe hautangazwi bila idhini ya mlalamikiwa, na unaweza kuchukua miaka. Hilo ni tatizo kubwa kwa sababu faini nyingi zinaweza kudaiwa ndani ya miaka mitano tu tangu kosa lifanyike. Mashauri yamewahi kufungwa kwa sababu tu muda ulikaribia kwisha, na kwa maoni yangu huo ndio udhaifu mkubwa zaidi wa mfumo mzima, maana unamzawadia yule anayechelewesha.

Makosa ya makusudi yana mkondo wa pili. Wizara ya Sheria inaweza kufungua mashtaka ya jinai mtu akivunja sheria kwa kujua na kukusudia, na kiasi kikifika dola 25,000 ndani ya mwaka mmoja kifungo kinaweza kufika miaka mitano. Mashtaka hayo hayahitaji kura za makamishna. Dinesh D’Souza, aliyetumia majina ya wengine kumchangia mgombea wa useneti wa New York mwaka 2012, alikiri kosa mbele ya mahakama ya jinai mwaka 2014, kisha akasamehewa na Rais mwaka 2018. Ukiwa na ushahidi wa makusudi, hakuna kinachokuzuia kuupeleka kwa FBI siku ileile unayotuma lalamiko kwa Tume.

Ikiwa Tume itakaa kimya, hesabu siku 120 tangu uwasilishe lalamiko. Zikipita bila hatua, unaweza kuiomba mahakama ya wilaya ya shirikisho mjini Washington iamue kwamba ukimya huo ni kinyume cha sheria. Ikiwa Tume imelitupa lalamiko, una siku 60 tu tangu tarehe ya kulitupa, na hizo haziongezwi kwa sababu barua ilichelewa. Jaji akikubaliana nawe huipa Tume siku 30 za kujirekebisha, na isipofanya hivyo sheria inakuruhusu wewe mwenyewe kumshtaki mlalamikiwa moja kwa moja.

Jalada likifungwa, tafuta kwanza maelezo ya sababu yaliyoandikwa na makamishna waliokataa kuendelea, yasome kabla ya kumlipa wakili yeyote, na uangalie kama wametumia maneno yanayohusu hiari ya Tume katika kuchagua mashauri. Mahakama ya rufaa ya Washington iliamua mwaka 2018, na tena mwaka 2021, kwamba makamishna wakiegemea hiari hiyo majaji hawana nafasi ya kupitia uamuzi wao. Maneno hayo yakiwepo, wakili atahitaji kuyaona kabla ya kukushauri kama bado kuna kesi. Yasipokuwepo, mpelekee wakili maelezo ya makamishna pamoja na namba ya MUR na nakala ya lalamiko lenye muhuri wa notari, mapema ndani ya zile siku 60.