Kuhalalisha hati za Kenya kwa matumizi ya ng'ambo ukiwa Mombasa

Chuo au mwajiri wa ng'ambo akikwambia ulete cheti chenye apostili, yaani mhuri mmoja unaofanya hati itambuliwe ng'ambo, usianze kuzunguka mjini ukitafuta wa kukupigia mhuri huo. Apostili hutolewa na nchi zilizojiunga na Mkataba wa Hague wa Oktoba 5, 1961, na Kenya haimo. Yetu ni njia ndefu zaidi: ofisi iliyotoa hati inaithibitisha, Wizara ya Mambo ya Nje inathibitisha sahihi ya ofisi hiyo, kisha ubalozi wa nchi unakokwenda unathibitisha mhuri wa wizara. Mweleze hivyo aliyekuomba hati, muulize anakubali nini, na akujibu kwa maandishi. Yeyote anayekuahidi apostili ya Kenya anataka kukulia pesa zako.

Jibu hilo lisubiri kabla hujatoa hata shilingi, maana kila nchi ina utaratibu wake. Ubalozi wa Ujerumani, kwa mfano, hauhalalishi hati za Kenya; mamlaka ya kule ikiwa na haja huomba hati ichunguzwe hapa nchini. Wengi wa pwani walioolewa au kuoa Wajerumani hulijua hili wakiwa wameshachelewa.

Sasa majina, na hapa nakusihi uwe na subira. Tandaza mezani cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, pasipoti na vyeti vya shule, usome herufi kwa herufi. Kwetu Mombasa mtu mmoja ni Fatuma Mohamed kwenye cheti cha kuzaliwa, Fatma Mohammed kwenye kitambulisho, na shuleni akaandikwa kwa jina la babu. Mtaani hakuna anayejali, lakini karani wa ubalozi ataona watu watatu. Tofauti ndogo ya tahajia huenda ikatatuliwa kwa hati ya kiapo inayosema majina yote ni ya mtu mmoja. Jina likiwa limebadilika kabisa, utahitaji hati ya kubadilisha jina iliyosajiliwa. Maliza hayo kwanza. Hati ikishapigwa mihuri kisha jina lirekebishwe, unaanza upya.

Baada ya hapo, rudi kwa kila ofisi iliyotoa hati. Cheti cha kuzaliwa ni cha msajili wa vizazi na vifo. Matokeo ya KCSE yanathibitishwa na KNEC, baraza la mitihani la taifa, na maombi hufanywa mtandaoni kupitia mfumo wao wa QMIS. Cheti cha maadili mema unakiomba kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, unalipa shilingi 1,050, unachapisha fomu, kisha unakwenda kuchukuliwa alama za vidole. Huduma Centre ya Mombasa, ambako alama hizo huchukuliwa, iko jengo la Posta, Digo Road. Kwa ndoa ya Kiislamu, karatasi ya siku ya nikaha haitoshi: kinachotakiwa ni cheti kilichosajiliwa chini ya Sheria ya Ndoa ya 2014. Hati iliyotiwa sahihi na wakili lazima iwe ya wakili aliye pia notari, yaani aliyeidhinishwa kuthibitisha hati, na sahihi yake ithibitishwe na Msajili wa Mahakama Kuu kabla ya kufika wizarani.

Wizara haichunguzi kama kweli ulizaliwa Majengo au ulipata B ya Kiswahili. Inalinganisha sahihi na mhuri ulio kwenye karatasi na vielelezo ilivyo navyo. Kwa hiyo, kabla hujaondoka dirishani, tazama: je, chini ya sahihi pameandikwa jina la ofisa, cheo chake na tarehe? Mhuri umekolea, au nusu yake imefifia? Mwombe karani aurudie palepale, kwa heshima. Na vyeti visivishwe plastiki. Wazazi wetu walifanya hivyo kwa nia njema ya kuvihifadhi, lakini juu ya plastiki mhuri haushiki. Omba nakala mpya.

Makao makuu ya wizara yako Nairobi, jengo la Old Treasury, Harambee Avenue. Kabla ya kukata tiketi ya treni Miritini, ingia eCitizen uone ombi linavyofanywa na ada ya siku hiyo. Malipo ya eCitizen kwa M-Pesa huingia Paybill 222222. Ukipewa namba ya simu ya mtu binafsi, kataa.

Ubalozini nenda na hati halisi, nakala zake na pasipoti, na uulize mapema kama wanataka tafsiri, hasa ya Kiarabu, na nani anakubaliwa kuifanya. Ukipata mihuri yote, piga picha pande zote mbili za kila karatasi, kwani mihuri mingi huwa nyuma. Kwa anayekwenda Falme za Kiarabu bado kuna mhuri mmoja: ukifika, hati hupelekwa Wizara ya Mambo ya Nje ya huko, kwa hiyo tenga pesa zake na umuulize mwajiri mapema ni nani atakayelipa.