Somo: samadi ya karoti iive kwanza

Karoti zangu za kwanza hapa Lushoto zilitoka na miguu mitatu, nyingine minne. Mnunuzi alizigeuza mkononi, akacheka, akaniachia. Nilikuwa nimemwaga samadi mbichi ya ng'ombe leo, kesho nikapanda. Ncha ya mzizi ikiungua au ikigonga bonge, karoti hugawanyika.

1. Rundika mabua makavu yaliyokatwakatwa, majani mabichi na samadi, tabaka kwa tabaka, huku ukinyunyiza maji. Rundo lifike mita moja kwenda juu. Dogo halishiki joto. Chomeka kijiti hadi katikati. Siku ya nne kichomoe ukishike: kikiwa cha moto, mambo yanakwenda. Kikitoka kikavu na cha baridi, ongeza maji.

2. Geuza kila baada ya wiki mbili au tatu. Kwa baridi yetu ya milimani mimi huacha miezi minne. Iliyoiva ni nyeusi, hunukia kama udongo wa msituni, na kinyesi hukitambui tena.

3. Lima tuta kina cha sentimita 30, toa mawe. Chekecha mboji, yaani samadi hiyo iliyoiva, debe moja kwa mita mbili za mraba, uchanganye na udongo.

4. Sia mbegu kwa mistari. Miche ikifika kimo cha kidole, punguzia, uache sentimita 5 kati ya mche na mche. Hapa wengi huona huruma, wakaishia kuvuna nyuzi.

MASWALI

Mwalimu, nina mbolea ya kuku tu.
– Hiyo ni kali. Ivundike na maranda au majani makavu mengi, kisha tumia nusu ya kipimo nilichotaja.

Majani yamefika magotini, chini kuna kidole tu!
– Naitrojeni, kirutubisho kinachokuza majani, imezidi, au hukupunguzia. Ulipunguzia lakini?

Majivu je?
– Yana potasi, mizizi huipenda. Konzi moja kwa mita ya mraba inatosha. Usiyachanganye na samadi mbichi, naitrojeni itapotea hewani. Kwenye viazi mviringo usiyaweke kabisa, yanachochea ukurutu wa maganda.

Shikamoo mwalimu. Nimeshamwaga mbichi wiki iliyopita, na mbegu nimenunua.
– Marahaba. Funga mbegu vizuri, weka pakavu. Karoti huliwa mbichi, na samadi hiyo inaweza kuwa na vijidudu vya kuharisha. Tuta hilo panda mahindi, karoti zifuate msimu ujao.